Kifaransa Kipitie Mlango wa Kiswahili

Kuna desturi moja katika madarasa yetu ya lugha za kigeni ambayo imezoeleka kiasi cha kutoonekana tena kuwa ni desturi. Mwanafunzi wa Kitanzania anapoanza kujifunza Kifaransa, aghalabu hupewa kitabu chenye maelezo ya sarufi kwa Kiingereza, na mwalimu naye humfafanulia kwa Kiingereza. Mtoto huyo huzungumza Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku. Kiingereza chenyewe bado anakipapasa. Anatakiwa, basi, avuke mto asioujua ili aufikie mto mwingine asioujua. Mimi nilivushwa hivyo, nikafika, nikasoma mwaka mzima Ufaransa, na leo nafundisha Kifaransa hapa Kibiti. Nasema desturi hii inatupotezea wanafunzi wengi bila sababu, ilhali njia fupi zaidi tunayo midomoni mwetu.

Nilizaliwa katika delta ya Rufiji, upande wa Nyamisati, pale watu wanapopanda boti kwenda Kilindoni, Mafia. Asiyepafahamu ajue kwamba Rufiji hauingii baharini kwa mdomo mmoja. Hugawanyika matawi mengi, na kati ya matawi hayo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000. Huko hakuna aliyekuwa na haja ya Kifaransa. Nilipomweleza bibi yangu mzaa mama kwamba shule ya bweni niliyopangiwa hufundisha somo hilo, nami nimelichagua, aliniuliza, "Na ukirudi huku, mjukuu wangu, utakizungumza na nani? Na kaa?" Baraza zima lilicheka. Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki, nami nitalijibu kabla sijaweka kalamu chini.

Tulianza Kifaransa darasa zima. Kufikia kidato cha tatu tulitosha katika madawati machache ya mbele. Mwenzetu mmoja, kijana wa Utete, aliyekuwa akiongoza kila mtihani wa Kiswahili na akitutungia mashairi ya kuagana mwisho wa muhula, aliliacha somo hilo siku tulipofika kwenye viwakilishi vya mtendwa. Kanuni ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa Kiingereza cha kisarufi, mistari mitano, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kwa maoni yangu kijana yule hakuwahi hata kukifikia Kifaransa. Kiingereza kilimzuia mlangoni. Na jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba kanuni ile iliyomkimbiza alikuwa akiitumia kila siku tangu alipoanza kusema.

Tazama sentensi ambayo kila kijana huitaka kabla ya nyingine zote: "ninakupenda". Tuipasue kama tulivyofundishwa katika somo la Kiswahili: "ni" ni mtenda, "na" ni wakati, "ku" ni mtendwa, "penda" ni shina la kitenzi. Mtendwa ametangulia shina. Wafaransa husema "je t'aime": mtenda, kisha mtendwa, kisha kitenzi. "Ninamwona" ni "je le vois". "Wananisaidia" ni "ils m'aident". Mpangilio ni uleule. Kiingereza ndicho kinachomweka mtendwa nyuma ya kitenzi, na kwa hiyo mwanafunzi anayefundishwa kwa Kiingereza huambiwa kwamba Kifaransa "kinageuza" mambo. Atakaa wiki tatu akijifunza kugeuza kitu ambacho kinywani mwake hakijapata kugeuka.

Au tuchukue ukanushi. "Hawapendi" ina alama mbili: "ha" mwanzoni na "i" mwishoni, na kitenzi kimebanwa katikati. "Ils n'aiment pas" nayo ina "ne" mbele na "pas" nyuma, kitenzi katikati. Mtoto wa Kibiti aliyekwisha kusema "sijui", "hatuli", "hawaji" mara elfu kumi hana cha kushangaa hapo. Au tuchukue vimilikishi. Tunasema "kitabu chake", "nyumba yake", "miti yake": kimilikishi hufuata ngeli ya kitu kinachomilikiwa, na hakitudokezi kama mwenyewe ni mume au mke. Kifaransa hufanya vivyo hivyo, "son livre" na "sa maison", kwa kufuata jinsia ya kitabu na ya nyumba, hata mwenye mali awe nani. Kiingereza hutaka kwanza kumjua mwenye mali. Mwanafunzi aliyepitishwa huko hushikilia kwamba "sa" ni ya mwanamke na "son" ni ya mwanamume, na kulifuta wazo hilo kichwani mwake ni kazi ngumu kuliko kulipanda jipya. Naliona kila mwaka.

Upatanisho wa kisarufi je? "Vikombe vikubwa vyeupe vimevunjika." Wingi umegongwa mhuri katika kila neno. "Les grandes tasses blanches sont cassées." Hapa pia kila neno limepigwa mhuri. Kuna mataifa ambayo wanafunzi wao huona ajabu kwamba kivumishi lazima kiitii nomino. Sisi tunazo ngeli kadhaa, wao wana mbili tu. Anayeweza kutofautisha "mti mrefu", "jiti refu" na "kijiti kirefu" bila kufikiri hana sababu ya kuogopa jinsia mbili za Kifaransa.

Nimekiweka mwishoni kile kinachoogopwa kuliko vyote, nacho ni ile dhamira ya kitenzi ambayo Wafaransa huiita "subjonctif". Vitabu huitolea sura nzima, na wanafunzi wengine duniani huililia. Sisi tunayo. "Nataka uje." "Lazima aende." "Afadhali wakae." Irabu ya mwisho ya kitenzi imegeuka kuwa "e" kwa sababu tendo halijatukia, limetakwa tu, au limelazimishwa. "Je veux que tu viennes" na "il faut qu'il aille" zimejengwa juu ya fikra ileile. Nilipoanza kufundisha kwa njia hii, niliandika "nataka unakuja" ubaoni na kuwauliza wanafunzi wangu kasoro iko wapi. Walijibu kwa pamoja. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa ni kukariri maumbo tu, na kukariri hakujawahi kumshinda aliyepitia madrasa.

(Hata swali letu la "Je, unakuja?" lina ndugu yake: "Est-ce que tu viens?" Neno la kuulizia hutangulia, na sentensi inabaki ilivyo. Bahati mbaya "je" yao maana yake ni "mimi", na kicheko cha somo la kwanza hutoka hapo.)

Sitaki kudanganya kwamba Kiswahili kinafungua kila kufuli. Hakituambii kwa nini meza ni jike na kitabu ni dume. Kiwakilishi chetu "yeye" hakibagui, kwa hiyo "il" na "elle" huchanganywa na wanafunzi hata wakiwa chuoni. Irabu za puani hutaka mazoezi, na ile "u" yao, ambayo midomo husema "u" na ulimi husema "i", haipatikani popote kati ya Kibiti na Mkuranga. Mambo hayo yafundishwe kama mapya, kwa sababu ni mapya. Ninachokataa ni kufundishwa kama kipya kile nilichokuja nacho kutoka nyumbani.

Nilikuja kulitambua hilo kikamilifu nilipokuwa mbali. Nikiwa chuoni nilipata ufadhili wa mwaka mmoja wa kusoma Besançon, mji wa mashariki ya Ufaransa alikozaliwa Victor Hugo mwaka 1802, na ambao tangu 1958 una kituo cha isimu tumizi kinachofundisha Kifaransa kwa wageni. Mto Doubs umeuzungushia mji mkongwe mkono wake, na juu ya kilima iko ngome. Wafaransa huita "fleuve" mto unaofika baharini wenyewe, na "rivière" ule unaomwaga maji yake katika mto mwingine. Doubs unaishia katika mto Saône, kwa hiyo ni "rivière". Rufiji ni "fleuve". Nilipojua hayo nilitembea wiki nzima nikijiona mtu wa ukoo mkubwa.

Kipindi nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha ushairi. Siku ya kwanza mwalimu alieleza kwamba mshororo mashuhuri wa Kifaransa una silabi 12, zilizogawanywa sita kwa sita, na katikati pana kituo. Wenzangu waliozoea ushairi wa Kiingereza, ambao hupima kwa mkazo, walitazamana. Walikuwa wakitafuta mkazo uko wapi. Mimi niliweka mikono chini ya meza nikaanza kuhesabu kwa vidole, kama mjomba wangu alivyokuwa akihesabu kila alipotunga shairi la kupeleka redioni. Mizani! Kumbe watu hawa wana mizani, tena wana ukwapi na utao, isipokuwa wao husimama kwenye sita na sisi kwenye nane.

Kisha likaja suala la ile "e" isiyotamkwa. Katika mazungumzo ya haraka, "une petite table", yaani meza ndogo, hutamkwa kwa silabi tatu. Katika ushairi wa kale huhesabiwa sita: u-ne-pe-ti-te-table. Irabu ambazo mdomo umezimeza hufufuka mbele ya konsonanti, nazo hupewa haki yake katika hesabu. Darasa lilinung'unika kwamba huo ni uonevu. Mimi nilinyoosha mkono nikaandika ubaoni mshororo wangu mwenyewe:

Nimetoka Nyamisati, mkokoni kwenye maji.

Nikawaonyesha kwamba "m" ya "mkokoni" haina irabu yoyote, na mgeni huipita kama haipo, lakini kwetu ni mizani kamili: m-ko-ko-ni, nne. Bila hiyo utao ungekuwa na saba, na malenga yeyote wa pwani angeurudisha. Mwalimu alihesabu mwenyewe, nane kwa nane, akaniuliza juu ya vina. Nikaeleza kwamba kina cha kati hapo ni "ti" na cha mwisho ni "ji", na kwamba mishororo inayofuata katika ubeti hutarajiwa kuvishika vyote viwili. Wao hutosheka na vina vya mwisho. Kwa sikio langu huo ni upungufu, na mwaka mzima wa Besançon haukunibadili.

Jambo ninalotaka msomaji alishike ni hili: nilikuwa nimesoma Kifaransa miaka minane, na hakuna aliyepata kuniambia kwamba ushairi wao na wetu hupimwa kwa kanuni inayofanana. Wala isingewezekana kuniambia, kwa sababu tulikuwa tukitazamana kupitia lugha ambayo haipimi hivyo.

Huko huko maktabani nilikutana na kitabu ambacho kinanipa hoja yangu ya pili. Charles Sacleux, aliyezaliwa 1856 na kufariki 1943, alikuwa padri wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Mwaka 1909 alichapisha sarufi ya lahaja za Kiswahili, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Ina zaidi ya kurasa elfu moja. Alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na kamusi yake inasifika kwa majina ya miti na kwa kuonyesha neno gani ni la lahaja gani. Mtafiti wa lahaja zetu, au malenga anayetafuta neno lililofifia, hapaswi kukikosa kitabu hicho. Lakini fasili zake zote ni za Kifaransa. Kiasi kikubwa cha kumbukumbu ya maneno yetu kimehifadhiwa katika lugha hiyo, na sisi wenye maneno tunahitaji mkalimani.

Hilo si dogo kwa mtu wa delta. Wafaransa wana "mangrove" kwa msitu na "palétuvier" kwa mti, na mazungumzo ya kawaida hayavuki hapo. Bibi yangu alitofautisha mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mkomafi na msikundazi, na alijua upi hutoa boriti, upi hutoa fito na upi hukatwa mataruma ya chombo. Vijana wa leo wa Kibiti mjini, nikiwauliza, wengi husema "mikoko" na kunyamaza. Naamini mmoja wao akiweza kuisoma kamusi ya Sacleux kwa macho yake, kisha akarudi Salale au Mbwera kuyauliza majina hayo kwa wazee waliobaki, atatuletea kitu ambacho mgeni hawezi kutuletea.

Sasa nijibu swali la bibi: utakizungumza na nani? Katika likizo nilishuka Marseille, mji wenye Wangazija na Wakomori wengine kwa maelfu. Kikomori na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Mama mmoja aliyenikaribisha chakula alisema Kifaransa na watoto wake na Kikomori na mumewe, nami nikawa naokota neno hapa na pale katika lugha zote mbili. Nilipompokeza sahani aliniambia "marahaba". Nilishtuka, maana sikuwa nimemwamkia mtu. Kwao neno hilo ni shukrani. Kwetu ni jibu la shikamoo. Tulikaa hadi usiku tukilinganisha maneno, na pale yalipotukwamia Kifaransa ndicho kilichotupatanisha. Visiwa vyao viko bahari hii hii inayopiga Nyamisati. Magharibi, Burundi hutumia Kifaransa, na Kongo, iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, inakitumia pamoja na Kiswahili, na mizigo yake hupita bandari ya Dar es Salaam. Hata hesabu ya Wakongo ni nyepesi kuliko ya Paris: sabini kwao ni "septante", neno moja, ilhali Paris husema sitini na kumi. Kwa hiyo kaa wanaweza kupumzika. Watu wa kuzungumza nao wapo, na wengi wao wanajua Kiswahili vilevile.

Wako watakaoniuliza kwa nini nahangaikia lugha ya wakoloni wengine. Swali hilo silidharau. Mwaka 1776, kusini kidogo ya delta yetu, Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Meli za Kifaransa hazikuja pwani hii kutufunza sarufi. Lakini mkataba ule nao uliandikwa, na anayetaka kuyachunguza maandishi ya biashara ile hatayafikia kwa uchungu peke yake. Isitoshe, mwanafunzi anayekipima Kifaransa kwa kipimo cha Kiswahili hukutana nacho akiwa amesimama kwake. Anayepitishwa katika Kiingereza ana wageni wawili wa kuwanyenyekea.

Pingamizi la istilahi ndilo linalonichosha. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea sarufi ya Kifaransa. Ngeli, upatanisho, yambwa, kishazi tegemezi, dhamira, kiwakilishi, kitenzi kisaidizi: haya yote mwanafunzi wetu huyasoma katika somo la Kiswahili kabla hajamaliza kidato cha nne. Anayajua na anayatolea mtihani. Anapoingia chumba cha pili kwa kipindi cha Kifaransa, huambiwa ayaache nje pamoja na viatu.

Nimeanza kuandika sarufi ndogo ya Kifaransa kwa Kiswahili. Inapitishwa mkono kwa mkono kwa nakala za fotokopi, na sura ya vitenzi imekwisha kuraruka. Wanafunzi wangu huisahihisha kuliko ninavyoiandika. Sura inayonisumbua sasa ni ya matamshi, na ndani yake kuna neno moja ambalo ningependa mabingwa wa lugha wanisaidie. Wafaransa wana tabia ya kuamsha konsonanti iliyolala mwishoni mwa neno pale neno linalofuata linapoanza na irabu. "Les amis", yaani marafiki, hutamkwa "le-za-mi". Wao huita jambo hilo "liaison". Mimi nilikuwa nimeandika "mwambatano", neno la heshima. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye kila asubuhi hugombania gari pale njiapanda, alisema hapana, mwalimu, hiyo "s" inadandia. Darasa zima limekataa kurudi kwenye neno langu.